Alichapwa Alhamisi, Jumanne yuko uwanjani: herufi LL zina maana gani?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi nina kinyozi hapa Kondele, Kisumu, na televisheni yetu ya ukutani huwa haizimwi. Yale mashindano makubwa ya tenisi yaliyopita tulianza kuyafuata kwenye simu tangu mechi za mchujo, wanaume mmoja mmoja. Kijana mmoja alichapwa Alhamisi, tukamaliza habari zake. Jumanne tunafungua televisheni, yule yule yuko uwanjani raundi ya kwanza, na kando ya jina lake kuna herufi LL. Mteja mmoja akaapa kwamba huo ni mkono wa watu wa kamari. Mwingine akasema kijana amenunua nafasi. Hadi leo wateja hao wawili hawanyolewi siku moja. Tueleze. Halafu nina mpwa wangu wa miaka 15 anayecheza hapa Kisumu. Huko juu mtu hufikaje?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Waambie hao wawili wanyolewe siku moja, maana wote wamekosea. LL ni kifupi cha Kiingereza cha lucky loser, mshindwa mwenye bahati: mtu aliyeanguka katika raundi ya mwisho ya mchujo, zile mechi za kugombea kuingia mashindano yenyewe, kisha akaitwa kujaza pengo la mchezaji aliyejiondoa. Sisi tunaosimamia droo, yaani mpangilio wa nani anacheza na nani, hapa Nakuru tunamwita lakiluza, na mara nyingi tunamwita huku tunakimbia, kwa sababu mechi yake inaanza sasa hivi.

Najua jibu fupi kama hilo halitatuliza kinyozi kizima, kwa hiyo nianzie kwenye pengo lenyewe. Kwa nini lisiachwe tu?

Mashindano ya mmoja mmoja ni hesabu ya kugawa kwa mbili. Katika yale manne makubwa, ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, droo ya wanaume ina majina 128. Wanabaki 64, wanabaki 32, hivyo hivyo hadi mmoja, ambaye atakuwa ameshinda mechi saba. Ukiondoa jina moja siku ya kwanza, kuna mtu atapita bila kutoa jasho, na aliyelipia tiketi atakaa akitazama wavu. Waingereza walionja shida ya hesabu hii mapema. Wimbledon ya kwanza, mwaka 1877, haikuwa na shindano jingine ila hilo la wanaume mmoja mmoja, na walijiandikisha 22. Gawa mwenyewe: 11, halafu 6 kwa kuwa mmoja alipita bure, halafu 3. Nusu fainali ya watu watatu! Spencer Gore akacheza na kushinda ya kwake, William Marshall akaingia fainali bila kugusa mpira wa nusu fainali. Gore alimpiga hata hivyo, lakini unaona jinsi jambo lilivyokaa upande. Baadaye ndipo watu wakajifunza kuzirundika nafasi za bure, tunazoziita bai, katika raundi ya kwanza peke yake.

Sasa hao 128 wanaingia kwa milango tofauti, na herufi unazoziona kwenye televisheni ndizo zinazokuambia nani amepitia wapi. Asiye na herufi ameingia kwa nafasi yake katika orodha ya ubora duniani. Hao huwa 104, na orodha inayotumika ni ya wiki kama sita kabla ya mashindano, ndiyo maana unaweza kumwona mtu aliyepanda sana mwezi huu bado anahangaika kwenye mchujo. Wenye WC ni 8, wamealikwa na waandaaji. Wenye Q ni 16, wametoka kwenye mchujo. PR ni mtu aliyeumia muda mrefu akaruhusiwa kutumia nafasi aliyokuwa nayo kabla ya kuumia, naye huhesabiwa ndani ya wale 104. Nambari ndogo kando ya jina ni ya masidi, wachezaji 32 wa juu wanaotawanywa ndani ya droo ili wasikutane wao kwa wao kabla ya raundi ya tatu. Zamani masidi walikuwa 16 tu. Hao 32 walianza Wimbledon mwaka 2001.

Na usidharau mlango wa mtu. Mwaka huo huo wa 2001 Goran Ivanišević alikuwa wa 125 duniani, asingeingia bila mwaliko. Akaingia na WC yake, akabeba kombe. John McEnroe alitoka kwenye mchujo mwaka 1977 akiwa bado kijana mdogo akafika nusu fainali ya Wimbledon, na Aslan Karatsev akafanya hivyo Australia mwaka 2021. Ninayempenda mimi ni Marcus Willis, mwalimu wa tenisi kama sisi, wa 772 duniani. Mwaka 2016 alipita mchujo wa Wimbledon, akashinda raundi ya kwanza, akajikuta uwanja mkuu mbele ya Roger Federer. Alipigwa, ndiyo, lakini kuna gemu alizochukua, na uwanja mzima ulimshangilia kila alipopata hata pointi moja.

Turudi kwa kijana wako. Mchujo wenyewe una wanaume 128 wengine, raundi tatu, na 16 wanapita. Maana yake raundi ya mwisho inaacha watu 16 waliokosa hatua moja tu. Hao ndio akiba. Mtu akijiondoa kwenye droo kuu baada ya mchujo kuanza, anayejaza nafasi anatoka miongoni mwao.

Hapa wateja wako watauliza: kwa nini apewe huyu na si yule? Swali zuri, kwa sababu ndipo udanganyifu ungeweza kuingia. Kama ungejua hakika kwamba aliye juu kwenye orodha ndiye atakayeitwa, na unajua kuna mtu ameumia mguu, basi wewe uliye juu ungeweza kucheza mechi ya mwisho ya mchujo kwa uvivu, ukahifadhi nguvu, hata ukampisha rafiki yako apite. Mtaingia nyote wawili. Kuzuia hilo, katika mashindano makubwa wanachukuliwa wale wanne wenye nafasi bora zaidi duniani kati ya walioshindwa, majina yao yanapigiwa kura ya bahati, na kura ndiyo inayopanga nani wa kwanza kuitwa. Hujui utaitwa wa ngapi hadi umeshapigwa. Kwa hiyo yule mteja wa "amenunua" mwambie kwamba kura hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu wenye mawazo kama yake.

Kuitwa pia si kusubiri nyumbani simu ilie. Anayetaka nafasi anajiandikisha kila asubuhi, nusu saa kabla ya mechi za kwanza, na lazima awe pale pale. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia mashindano ya wikendi hapa Nakuru. Mchezaji mmoja kutoka Kericho akapiga simu saa moja na nusu asubuhi: lori limelala barabarani, matatu hazisogei. Nikafungua daftari la walioshindwa Ijumaa. Wa kwanza alikuwa amesharudi Molo. Wa pili, simu yake ikanijibu ile sauti ya mama, mteja hapatikani. Wa tatu alikuwa chini ya mjakaranda, kandambili miguuni, chai mkono mmoja na mandazi mkono mwingine, amekuja tu kumtazama rafiki yake. Lakini raketi alikuwa nazo. Alimeza lile mandazi akitembea kuelekea uwanjani, akashinda mechi mbili kabla ya sidi wa kwanza kumkomesha. Yule wa Molo alininunia mwaka mzima, kana kwamba mimi ndiye niliyempandisha matatu.

Kuna jambo jingine ambalo hata watu wanaofuata tenisi kwa miaka huwachanganya: lakiluza anakaa wapi ndani ya droo. Inategemea saa. Ratiba ya siku ya kwanza ikiwa bado haijatoka na aliyejiondoa ni sidi mkubwa, droo inapangwa upya kidogo. Ikiwa imeshatoka, lakiluza anaingia moja kwa moja kwenye kiti cha aliyeondoka, hata kama kiti hicho kilikuwa cha mfalme.

Chukua Marekani, mwaka 2017. Andy Murray, sidi wa 2, alijitoa kwa sababu ya nyonga Jumamosi, siku moja baada ya droo kupigwa. Ratiba ilikuwa bado. Basi Marin Čilić, sidi wa 5, akahamishwa kwenda nafasi ya Murray chini kabisa ya droo, kwa kuwa wa 3 na wa 4 wana robo zao za droo tayari na hawaguswi. Sam Querrey, sidi wa 17, akaenda nafasi ya Čilić. Philipp Kohlschreiber akafanywa sidi wa 33 akaenda nafasi ya Querrey. Pengo la Kohlschreiber ndilo alilopewa lakiluza, Lukáš Lacko. Ni kama kwenye matatu: anashuka aliyekaa kando ya dereva, watu wanasogea mbele kiti kwa kiti, na aliyekuwa amesimama mlangoni anapata kile cha nyuma kabisa. Watu walilalamika sana mwaka ule, na mimi nilikuwa mmoja wao, maana Murray angesema siku mbili mapema, Federer angekuwa sidi wa 2 na asingewekwa upande mmoja na Rafael Nadal. Upande wa pili ukabaki wazi, akatoka Kevin Anderson, sidi wa 28, kucheza fainali. Nadal akashinda.

Sasa linganisha na Australia mwaka 2022. Novak Djokovic alikuwa sidi wa 1, akashindwa kesi yake ya viza mahakamani Jumapili, mashindano yanaanza Jumatatu na ratiba ya Jumatatu imeshatoka na jina lake ndani. Hakuna kusogea tena. Salvatore Caruso wa Italia, wa 150 duniani, aliyekuwa ameshapigwa kwenye mchujo, akaketi kwenye mstari wa kwanza kabisa wa droo, pale palipoandikwa bingwa mtetezi. Alicheza na Miomir Kecmanović akapoteza kwa seti tatu bila. Kecmanović, aliyekuwa amepangwa kuchinjwa na Djokovic raundi ya kwanza, akafika raundi ya nne. Ingekuwa siku moja kabla, Andrey Rublev, sidi wa 5, ndiye angehamia pale juu, na Caruso angetumwa kona nyingine kabisa. Ndugu yangu, ukitaka kuona jinsi saa inavyoweza kubadilisha njia za watu kadhaa waliolala usingizi wao, ni hapo.

Kuhusu kamari, sitaki kumdharau mteja wako moja kwa moja. Uozo umekuwepo kwenye tenisi, hasa ngazi za chini ambako mchezaji analala hoteli ya bei ghali kuliko zawadi yake, na kuna waliofungiwa maisha, Daniel Köllerer wa Austria akiwa wa kwanza mwaka 2011. Lakini ukitafuta harufu mbaya, usiitafute kwa lakiluza, itafute kwa yule aliyempisha au aliyekataa kumpisha. Tatizo lililowasumbua wakubwa wa tenisi kwa miaka lilikuwa la mtu aliyeumia ambaye hataki kujiondoa. Zawadi ya kupoteza raundi ya kwanza ni pesa nyingi, kwa hiyo anaingia uwanjani akichechemea, anacheza gemu chache, anampa mwenzake mkono, anakwenda kuchukua hundi. Wimbledon mwaka 2017, uwanja mkuu, siku moja, wapinzani wa Djokovic na Federer wote wawili waliacha mechi njiani, mmoja baada ya mwingine. Waliolipa tiketi walizomea, na walikuwa na haki.

Baada ya hapo kanuni ikabadilishwa kuanzia 2018. Katika mashindano makubwa manne, mchezaji aliyefika akajiondoa kwa kuumia baada ya saa sita mchana ya Alhamisi kabla ya droo kuu kuanza anapewa nusu ya zawadi ya raundi ya kwanza, na lakiluza anayeingia anapewa nusu nyingine, pamoja na chochote atakachoshinda kuanzia hapo. Anayejifanya mzima kisha akaacha mechi au akacheza ovyo anaweza kutozwa faini ya zawadi hiyo yote. Mimi naiona ni kanuni ya busara kuliko zote zilizotungwa katika mchezo huu kwa miaka hii. Imempa aliyeumia sababu ya kusema ukweli. Kwa hiyo huenda kijana wenu wa Jumanne alilipwa pesa pungufu kuliko mwenzake aliyesimama ng'ambo ya wavu, na sidhani watu wa kamari wanafanya biashara ya namna hiyo.

Na hao malakiluza si wa kuchezea. Dick Norman wa Ubelgiji aliingia Wimbledon hivyo mwaka 1995, akawatoa Pat Cash na Stefan Edberg, mabingwa wa zamani wa uwanja ule ule, hadi akakutana na Boris Becker raundi ya nne. David Goffin, Mbelgiji mwingine, alifika raundi ya nne Ufaransa mwaka 2012 akamnyang'anya Federer seti. Stéphane Robert naye Australia, 2014, raundi ile ile ya nne. Kwenye mashindano madogo wapo waliobeba kombe kabisa: mwaka 2017 peke yake Rublev huyo huyo alishinda Umag, na Leonardo Mayer akashinda Hamburg, wote wawili wakiwa wameshafungashwa na mchujo. Ukiwauliza wachezaji watakuambia siri haina uchawi: mtu aliyeshazikwa hana cha kuogopa, na tayari amecheza mechi tatu kwenye viwanja vile wakati mwenzake ndiyo kwanza anafungua begi.

Nije kwa mpwa wako, ingawa hapa nitakuwa mfupi kuliko unavyotaka, kwa sababu sijamwona akipiga mpira.

Kwa kawaida mtu huhitaji kuwa karibu na nafasi ya 230 hivi duniani ili apokewe kwenye mchujo wa mashindano makubwa, na kama mia moja ya mwanzo ili aingie droo kuu bila kubisha hodi. Mkenya amewahi kufika hapo. Paul Wekesa alifika nafasi ya 100 mwaka 1995 katika mmoja mmoja, na katika wawili wawili alishinda mashindano matatu ya ngazi ya juu. Ngazi ya chini kabisa ya wanaume inaitwa M15, ambapo zawadi yote ya mashindano ni dola 15,000, na bingwa anapata pointi 15 za orodha ya ubora. Bingwa wa Wimbledon anapata 2,000. Pointi hudumu wiki 52 tu, kisha zinafutika, kwa hiyo mtu hapandi tu ngazi, anapanda huku vipandio vya chini vinaoza. Kwa umri wa miaka 15 asikimbilie huko. Aanze na mashindano ya vijana ya shirikisho la kimataifa, ITF, ambayo Nairobi huyapata, na kabla ya hapo umsajili apate nambari yao iitwayo IPIN, bila hiyo jina lake halipokelewi kwenye mashindano hayo.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo makocha wengi wa kandokando ya ziwa hawawaambii watoto. Kanuni za tenisi zinahesabu mahali palipo juu zaidi ya mita 1,219 kuwa ni nyanda za juu, na zinaruhusu mipira maalumu ya huko. Kisumu ipo kwenye mita 1,130 hivi, chini ya mstari. Nakuru ni kama 1,850, Nairobi karibu 1,800, Eldoret zaidi ya 2,000. Hewa ikiwa nyepesi haiukamati mpira, na ule mzunguko unaoushusha ndani ya mstari unapungua nguvu. Mpira wa kawaida wenye hewa ndani nao unadunda juu zaidi kwa sababu nje hakuna hewa nzito ya kuubana. Nimewaona vijana wazuri kutoka Kisumu na Homa Bay wakifika hapa Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi kila mpira unatua nje nusu hatua. Wanadhani mkono umeharibika. Mkono uko salama. Nyuzi za raketi zikazwe kidogo, mkono uvutwe nyuma kwa ufupi, mpira upigwe kwa kuzungushwa zaidi kuliko kusukumwa, na siku mbili tatu za mazoezi zinatosha kuzoea. Kwa hiyo ukimleta Nakuru, mlete Jumatano, na mipira utakayomnunulia afanyie mazoezi iwe ile ile itakayotumika kwenye mashindano. Uliza waandaaji mapema, wanaijua.